Banda Moja, Koo na Majogoo: Kosa la Chakula Liko Wapi?

Muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) wa kona yetu hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, alinirudishia trei nzima ya mayai. Hakugomba. Alichukua yai moja, akalibonyeza kidogo kwa kidole gumba, ganda likaingia ndani kama chupa tupu ya maji. "Hajati, haya yananipasukia mkononi kabla hayajafika kwenye kikaango," akasema, akarudi kukanda unga wake.

Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimezika pora saba, majogoo wachanga. Kuku wote nilikuwa nawapa chakula cha kutagia, kile ambacho madukani huitwa leyazi, kwa sababu nilijiambia kuku ni kuku. Pora walipokufa nikashtuka, nikawahamishia wote kwenye chakula cha kukuzia, growazi. Pora waliobaki wakasimama vizuri, mayai yakalegea. Kosa lilikuwa lilelile, nililigeuza tu upande wa pili.

Wengi wetu huku tunafuga hivyo: koo wanaotaga, jogoo wawili watatu, mitetea ambao bado, na pora wanaosubiri Krismasi au Idi, wote banda moja. Shida ni kwamba kila gunia la dukani limetengenezwa kwa kuku wa namna moja. Dalili nyingi tunazozikimbizia dawa huwa ni hesabu ya gunia tu. Nyingine hazihusiani na chakula kabisa, na hizo nazo nitazitaja usije ukatupa pesa.

Anza usiku, kwa tochi

Kabla hujabadili chochote, ingia bandani saa mbili usiku kuku wakiwa wametulia. Pitisha mkono chini ya shingo ya kila mmoja, upande wa kulia kidogo, pale lilipo gole. La kuku aliyeshiba limejaa kama mpira wa soksi. La aliyenyimwa ni ngozi tupu.

Ukikuta majogoo wameshiba na koo wanne wana magole matupu, hata ununue chakula ghali kuliko vyote Uganda hutatibu kitu. Wanafukuzwa. Kila kuku anahitaji kama sentimita 10 za ukingo wa chombo ili wale kwa pamoja. Ongeza vyombo, uvitenganishe, na kimoja ukiweke nyuma ya kizuizi ambako mbabe hawezi kukiona akiwa kwenye kile kingine. Mbabe mwenyewe si lazima awe jogoo. Mimi kwangu ni koo mmoja mwekundu, na majogoo wanampisha.

Angalia na maji. Koo hunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula, kama robo lita kwa siku, na jua likiwaka huzidisha. Kinyweshi kikikauka mchana kutwa, mayai hupungua, na mwenye banda huanza kulaumu gunia.

Ganda jembamba, au yai lililotoka bila ganda

Hapa ndipo hesabu inaposaidia. Ganda la yai lina uzito wa gramu 5 hadi 6, na karibu lote ni chokaa. Ndani yake mna gramu 2 na kidogo za kalsiamu yenyewe. Mwili wa koo haunyonyi yote anayokula, kwa hiyo ili atage vizuri anahitaji kula kama gramu 4 kwa siku.

Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Chakula cha kutagia kina kalsiamu karibu 4%, hivyo anapata gramu 4 na nusu. Chakula cha kukuzia kina 1% hivi, hivyo anapata gramu 1 tu. Pengo hilo analiziba kwa kuchota kwenye mifupa yake mwenyewe, na akiba hiyo ina mwisho. Ndiyo maana mayai yangu hayakulegea siku ile nilipobadili gunia. Yalilegea baadaye, nilipokwisha kusahau kwamba nilibadili.

Ukiwa na mchanganyiko kama wangu, usirudi kwenye leyazi kwa wote. Weka chombo cha pili. Ndani yake tia makome ya ziwani yaliyopondwa, yawe vipande vya ukubwa wa punje ya mtama, si unga mtupu. Vipande hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole. Ganda huchukua kama saa 20 kujengwa na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, wakati kuku hali kitu. Unga unakuwa umeshapita.

Nilikaa kwenye kigoda jioni moja kuwatazama, maana sikuamini. Kuanzia saa kumi, koo walikwenda kwenye makome mmoja mmoja, wakala kwa bidii, kok kok kok, kama watu waliotumwa. Jogoo alikuja, akadonoa mara mbili, akapangusa mdomo chini, akaondoka. Koo anayetaga huisikia njaa ya chokaa mwilini, nayo huzidi hasa mchana ukielekea jioni. Jogoo hana njaa hiyo. Huhitaji kumlinda wala kumfukuza.

Lakini kagua unachouziwa. Makome ya mifuko mara nyingine huwa nusu mchanga. Weka kijiko kimoja kwenye kisahani, ukamulie ndimu: makome yatatoa povu, mchanga utanyamaza. Mawe ya chokaa yaliyosagwa kwa ajili ya mifugo yanafaa pia, ila iwe ya mifugo kweli, si ile ya kupaka ukutani, ambayo huunguza. Maganda ya mayai ya jikoni ni mazuri na ni ya bure. Yakaushe juu ya makaa, uyaponde mpaka yasifanane tena na yai. Ukiwatupia maganda mazimamazima utawafundisha kula mayai, na kuku aliyejifunza hilo dawa yake ni sufuria.

Sasa zile zisizo za chakula. Mayai ya banda zima yakiharibika ndani ya siku mbili tatu, yamekunjamana kama ngozi ya mzee, na kuku wanakoroma au wanapiga chafya, hiyo ni mkamba wa kuambukiza au kideri, mwite daktari wa mifugo. Koo mmoja tu mwenye umri mkubwa akitaga ganda jembamba, ni uzee: yai limekuwa kubwa, chokaa ni ileile, imetandazwa. Na kuku wakihema midomo wazi mchana, tatizo ni joto la mabati. Hapo ganda hupungua hata makome yakiwepo.

Pora anachechemea, kinyesi ni maji meupe

Hii ndiyo iliyoniumiza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Pora wangu walikuwa wa wiki 10 hadi 14, machotara wa Kuroiler, miili mizito. Walianza kusinzia, kisha kukaa chini, kisha kutembea kama wanakanyaga moto. Nilinunua dawa ya minyoo, nikanunua dawa ya kuhara damu. Wa tano alipokufa nikampasua juu ya gunia. Figo, zile zilizojibana kwenye mifupa ya mgongo, zilikuwa zimevimba na zina mistari myeupe. Moyo na ini vilikuwa kama vimenyunyiziwa unga wa muhogo.

Hilo ni jongo la ndani. Koo anapokula chokaa nyingi, inatoka na yai kila siku, na hata ile inayobaki ana mahali pa kuihifadhi ndani ya mifupa, akiba ambayo jike peke yake huijenga anapokaribia kutaga. Pora hana yai wala akiba hiyo. Chokaa yote hiyo inaangukia figo, figo zikichoka, uchafu wa mkojo unaganda mwilini na kutanda kwenye viungo. Mtetea ambaye hajaanza kutaga yumo hatarini vilevile. Kadiri ndege alivyo mchanga ndivyo anavyoumia.

Ondoa chakula cha kutagia siku hiyohiyo, wape cha kukuzia, na maji yasikauke hata saa moja. Walio na dalili nyepesi hupona. Figo iliyokwisha kufa hairudi, na kuku wa namna hiyo usimkalie na sindano.

Kabla hujahukumu gunia, hata hivyo, tazama mambo haya. Kinyesi cha kuku mzima huwa na kofia nyeupe juu, hiyo si ugonjwa. Kinachotisha ni maji meupe matupu. Anayechechemea mguu mmoja mgeuze nyayo: doa jeusi lenye uvimbe ni kidonda cha msumari au kichanja kibaya. Magamba ya miguu yaliyosimama ni utitiri. Aliyelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, fikiria ugonjwa wa Mareki, ambao hauna tiba, ni chanjo tu ya kifaranga wa siku moja. Jongo lenyewe pia linaweza kuletwa na kiu ya muda mrefu, chumvi iliyozidi, au mkamba uliopiga figo.

Na jogoo mzima je? Hapa nitasema ninavyoona. Wapo watu wanaofuga koo mia moja na majogoo watatu wazima, wote kwenye leyazi, miaka inapita. Jogoo aliyekomaa kwa kawaida huvumilia. Kama banda lako halina kuku mchanga hata mmoja, usikose usingizi. Hatari iko kwetu sisi tuliochanganya umri.

Wengine hukwama kwenye kalenda. Karatasi za kampuni husema ukifika wiki ya 18 anza chakula cha kutagia. Hiyo ni kalenda ya kuku wa mayai wa kisasa. Mtetea wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi 6 hivi, wengine hata zaidi, kwa hiyo katika wiki ya 18 unampa chokaa ya mayai ambayo yako miezi miwili mbele. Ngoja upanga wa kichwani uwe mwekundu na aanze kuchungulia viota. Au shika mifupa miwili midogo chini ya mkia: vidole viwili vikipita katikati, yuko tayari.

Mayai yamelaliwa, vifaranga hakuna

Siku ya 7 pima mayai kwa tochi gizani. Yaliyo meupe kabisa, yanayong'aa kama siku ya kwanza, karibu yote hayakupandwa. Yenye pete ya damu yalipandwa, kiinitete kikafa. Ni matatizo mawili tofauti, na watu huyachanganya.

Meupe yakiwa mengi, mtazame jogoo. Mmoja kwa koo 8 hadi 10 anatosha. Halafu mshike kifuani. Jogoo mwema ana tabia moja ya kumwangamiza: akipata chakula kizuri huwaita koo, hukiokota na kukiangusha, mwenyewe hali. Nimewahi kushika jogoo mwenye manyoya ya kupendeza, chini yake mfupa wa kifua umekuwa mkali kama kisu. Kinyume chake yupo, mnene wa pumba na makombo ya ugali, asiyeweza kupanda. Kwa yule aliyekonda, ning'iniza kopo dogo la chakula juu, urefu ambao yeye akinyoosha shingo anafika na koo hafiki. Wafugaji wakubwa wa kuku wazazi hufanya jambo hilohilo kwa vyombo vya gharama. Kopo la mafuta la lita 3 lililokatwa linafanya kazi.

Pete za damu au vifaranga waliokufa ndani ya ganda huelekeza kwa koo, au kwa jinsi ulivyoyatunza mayai. Mayai ya kuangua yasipite siku 7 kabla ya kulaliwa. Na kumbuka kwamba leyazi imepimwa kwa mayai ya kuliwa. Yai la kutoa kifaranga linataka vitamini zaidi, kwa hiyo tumia premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wazazi ukiipata, na uwape majani mabichi kila siku: dodo (mchicha), sukuma, majani ya viazi vitamu.

Migongo wazi

Koo wawili watatu tu, uchi katikati ya mgongo na nyuma ya kichwa, ngozi haina damu: ni vipenzi vya jogoo. Punguza majogoo au umkate kipi ncha. Kuku wengi, manyoya yameliwa mkiani, kuna damu: wanadonoana, na hapo chakula kinaweza kuhusika. Protini ndogo au chumvi iliyosahauliwa kwenye mchanganyiko huleta hivyo. Msongamano pia.

Kutaga kumeshuka ghafla baada ya kufungua gunia jipya

Nusa kwanza. Chakula chenye uvundo, kilichoshikana mabonge, au chenye vumbi la kijani usiwape, hata kama umekopa kukinunua. Mahindi ya msimu wa kwanza yakivunwa kuanzia Juni na Julai, mengi hufika kinuni yakiwa bado yana maji, na hapo ndipo sumu kuvu huanza. Kuku hupungua kula, hupauka, hutaga kidogo, na ukimpasua ini limekuwa la njano na linamomonyoka. Kukaanga hakuondoi sumu hiyo, kuosha hakuondoi, na mbwa usimpe, yeye huumia upesi zaidi.

Ukinunua mahindi mwenyewe, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi robo na vijiko viwili vya chumvi kavu, utikise, uache dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani.

Kama chakula kinanukia vizuri, fikiria kwamba umebadili gunia kwa haraka mno. Kuku hususa kitu kigeni. Changanya la zamani na jipya kwa wiki moja. Na kama bei imebaki ileile huku chakula kimekuwa chepesi mkononi, kuna mtu ameongeza pumba. Duka moja lilinifanyia hivyo msimu mzima kabla sijapima kwa debe.

Kiini kikiwa cha kahawia au kijani-kijani hasa mayai yakikaa, mashudu ya pamba yamezidi. Kiini cheupe si ugonjwa, ni mahindi meupe. Wateja wa Kampala wanapenda cha njano, wape kuku majani.

Basi kwenye chombo niweke nini

Kwangu sasa chakula cha msingi ni kimoja, kinachomfaa yule asiyetaga, na chokaa iko pembeni. Kwa kilo 100 nachanganya hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 46, pumba za mahindi 25, mashudu ya alizeti 10, soya iliyokaangwa na kusagwa 10, mukene 6, unga wa makome 1, unga wa mifupa 1, chumvi robo kilo, na premiksi kama mfuko wake unavyoelekeza. Inatoa protini karibu 16% na kalsiamu karibu 1%. Soya lazima ikaangwe, mbichi humzuia kuku kutumia protini yenyewe.

Mukene ndiyo inayochezewa kuliko vyote. Hapa mpakani ina majina matatu, mukene, omena, dagaa, na kila jina lina mchanga wake. Iliyoanikwa chini kwenye mwalo hubeba mchanga mpaka kilo sita zako zinakuwa nne. Tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, tazama kinachokaa chini. Naagiza kutoka mwalo wa Majanji ile iliyoanikwa kwenye nyavu, inapanda bodaboda na kufika na bei yake, lakini nalipia samaki. Ikiwa imetiwa chumvi, acha ile robo kilo ya chumvi.

Kuku wakishinda nje wakichakura, kiasi kinapungua. Kienyeji anayezunguka shambani namwongezea gramu 40 au 50 jioni, pamoja na makome yake.

Vifaranga wanaofuata mama wao wanahitaji protini zaidi, karibu 20%, na wakubwa hukimaliza chakula chao kwa dakika. Funika chombo chao kwa tenga kuukuu lililopanuliwa matundu, wao wapite, mama abaki nje akilalamika. Hapo jirani yangu aliniuliza, "Hajati, na yeye je, si ananyonyesha?" Nikamwambia, mama, kuku hanyonyeshi, mpe makome.

Muuza rolex siku hizi huchukua trei mbili kila Jumatatu. La kwanza bado hulibonyeza kwa kidole gumba kabla hajatoa pesa.